Gredi 10 kabla ya Gredi 2: mpangilio wa mafaili yako unakaa wapi?

Tangu kundi la kwanza la Gredi 10 liingie shuleni Januari 2026, lalamiko moja limekuwa likinifuata hapa Kibuye, Kisumu: "Kompyuta imeharibu mpangilio." Mwenye duka la sare ana orodha yake ya bei kwenye Excel. Akiipanga kwa safu ya gredi, Gredi 10 inaruka juu na kukaa kati ya Gredi 1 na Gredi 2. Shule za binafsi zenye ngazi zote zinaona hivyo hivyo. Hakuna kilichoharibika. Enzi za 8-4-4 tulikuwa na darasa la 1 hadi la 8, kisha kidato cha 1 hadi cha 4, na hakuna ngazi iliyofikisha tarakimu mbili. Tatizo lilikuwepo miaka yote, ila mtaala haukuwahi kulichokoza.

Programu inayopanga majina kama maandishi haijui kumi ni nini. Inalinganisha herufi moja baada ya nyingine kutoka kushoto. "Gredi 10" na "Gredi 2" yanafanana mpaka kwenye ile nafasi, halafu 1 inakutana na 2, 1 ni ndogo, kesi imeisha. Ile sufuri wala haikuitwa kutoa ushahidi. Dawa ni kuandika Gredi 01, Gredi 02, mpaka Gredi 12. Ukitarajia vitu kufika mamia, anza na 001.

Katibu wa shule moja alinibishia, na alikuwa na hoja.

"Mbona kwenye folda yangu Gredi 2 iko mahali pake, fundi?"

"Windows inakusaidia, madam. Ukitoka nje ya lile dirisha, msaada unabaki ndani."

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, dirisha la mafaili husoma tarakimu kama nambari kamili, kwa hiyo 2 hutangulia 10. Ni fadhila ya dirisha hilo. Fungua folda ile ile kwenye dirisha jeusi la amri, andika dir, utaona 1, 10, 11, 2. Tuma majina hayo hayo kwenye Excel, utapata vile vile.

Watu wengi hudhani folda ina mpangilio wake, kwamba ukibofya "panga kwa tarehe" umeipanga folda. Hujaipanga. Umeiambia kompyuta yako jinsi ya kukuonyesha, na Windows imeandika chaguo lako kwenye rejista, yaani daftari lake la mipangilio, ya mashine hiyo hiyo. Ukibeba folda kwenye flashi mpaka saiba ya Kondele, chaguo limebaki nyumbani. Kinachosafiri na faili ni jina lake. Kwa hiyo kama mpangilio una maana kwako, uweke ndani ya jina.

"Basi nitapanga kwa tarehe ya kubadilishwa," mtu huniambia. Tarehe hiyo nayo siiamini. Mashine nyingi tunazotumia zimeletwa zikiwa zimeshatumika, na ile betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imechoka. Stima ikipotea, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na kila barua unayohifadhi kabla hujagundua inapewa tarehe hiyo ya zamani. Kinasa sauti ambacho hakikuwahi kuwekwa saa mara nyingi hukupa mafaili ya tarehe 1 Januari 1980, kwa sababu hapo ndipo inapoanzia kalenda ya FAT, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi na kadi nyingi. Hata saa ikiwa sahihi, ukifungua barua ya 2022 ukarekebisha koma moja na kuhifadhi, imekuwa barua ya leo. Tarehe ya kuundwa ndiyo mbaya zaidi, maana ukinakili faili kwenda diski nyingine, nakala inahesabiwa imezaliwa siku hiyo.

Andika tarehe mwenyewe mwanzoni mwa jina, ukitanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-07. Huo ndio mtindo wa kiwango cha ISO 8601 kilichotolewa mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba mpangilio wa maandishi na mpangilio wa kalenda unakuwa kitu kimoja. Sisi Wakenya tumezoea siku mbele, na matokeo yake folda ya risiti inaonekana hivi:

05-11-2023 Risiti ya saruji
07-03-2025 Risiti ya mabati
07-08-2022 Risiti ya mchanga
12-01-2024 Risiti ya misumari

Risiti za tarehe 7 zote zimekaa pamoja, ziwe za Machi au Agosti, za 2025 au 2022. Majina ya miezi nayo hayaokoi kitu. Kwa alfabeti mwaka unaanza Agosti, unafuata Aprili, halafu Desemba, na Januari inasubiri mpaka nafasi ya tano. Kwa ofisi inayofuata mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza 1 Julai, ninaita folda kuu 2024-25, na ndani yake mafaili yana tarehe kamili. Shule hufuata mihula, basi inakuwa 2025-M1, 2025-M2, 2025-M3. Ofisi ikiwa na kalenda zote mbili, chagua moja iwe jina la folda. Ukiwa na folda za mihula na za mwaka wa fedha kwa pamoja, risiti ya Machi itakuwa na nyumba mbili, na siku ya ukaguzi haitakuwa katika yoyote.

Flashi ya muziki ina mambo yake. Flashi nyingi ndogo zimefomatiwa kwa FAT32, na humo folda ni jedwali tu, lenye mistari ya baiti 32. Faili lenye jina refu huchukua mistari kadhaa. Mistari hiyo haipangwi kwa alfabeti, inakaa kama ilivyoandikwa. NTFS, ambayo ndiyo iko kwenye diski ya Windows, huweka majina yakiwa yamepangwa tayari, ndiyo maana nyumbani huoni shida. Redio nyingi za bei nafuu kwenye magari hazijisumbui kupanga, zinasoma jedwali kutoka juu kwenda chini. Ukifuta wimbo, mistari yake inatiwa alama kwamba iko wazi, na wimbo mpya unaweza kuingia hapo hapo. Ni kama matatu ya Kondele: abiria akishuka katikati, anayepanda anachukua kiti kile kile, hata kama yeye ndiye wa mwisho kufika. Kwa hiyo dereva anayefuta nyimbo tatu na kuongeza tatu asishangae kusikia mpya zikilia katikati ya za zamani.

Ukiwa na redio ya namna hiyo, nambari kwenye jina peke yake haitoshi. Hamisha nyimbo zote ziende kwenye kompyuta, zipe nambari 001, 002, 003, fomati flashi, kisha zirudishe kwa mfuatano huo. Ukiwa na mashine ya Linux, kuna programu ndogo ya FATSort inayolipanga upya jedwali lenyewe, huna haja ya kufomati.

Redio nyingine hupanga kwa jina, na hapo kwaya ndiyo hupata aibu. Mwalimu wa kwaya alikuwa na nyimbo za kusindikiza misa kwenye spika ya kanisa, akaziita Kuingia, Matoleo, Komunyo, Shukrani. Spika ikaanza na Komunyo. Ilikuwa sahihi kabisa, Ko hutangulia Ku. Sasa zinaitwa 01 Kuingia, 02 Matoleo, 03 Komunyo, 04 Shukrani, na hakuna anayelazimika kukimbilia spika padri akiwa amesimama. Vifaa vingine huweka herufi kubwa zote kabla ya ndogo, kwa kuwa katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi nambari yake, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Wimbo ulioandikwa "Zawadi" unatangulia "amani". Tarakimu zinaanzia 48, ziko mbele ya herufi zote. Kwa sababu hiyo hiyo, ninapotaka folda ikae juu kabisa ninaiita 00. Wengine hutumia mstari wa chini au alama ya mshangao. Kwenye Windows itakubali, lakini mstari wa chini hubadilisha kiti kulingana na mfumo, mara juu ya herufi, mara katikati ya kubwa na ndogo, na mara nyingine hauhesabiwi kabisa.

Kuna kosa moja ambalo mafunzo yaliyoandikwa ughaibuni hayalitaji, kwa sababu kwao si kosa. Wanashauri ugawe wateja katika folda za A hadi Z kwa jina la ukoo. Jaribu hivyo Kisumu. Ochieng, Odhiambo, Okoth, Omondi, Onyango, Otieno wote wanarundikana folda moja, na Achieng, Akinyi, Anyango, Atieno wanajaza nyingine. F na X zinalala njaa. Ukienda Bungoma, mzigo unahamia W na N: Wafula, Wanjala, Wekesa, halafu Nafula, Nanjala, Nekesa. Juu ya hayo, karani wa asubuhi ameandika "Brian Otieno" na wa jioni "Otieno Brian", na mtu mmoja sasa ana folda mbili. Ninawaambia chama na zahanati kitu kimoja: tanguliza nambari ya uanachama au ya usajili yenye tarakimu nne, kisha jina. 0417 Otieno Brian. Nambari haibishani na makarani. Ila isiwe nambari ya kitambulisho cha taifa. Jina la faili huonekana na kila mtu unayemtumia kwa WhatsApp, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hilo si jambo la kufanyia mzaha.

Walio na mafaili ya mtindo wa masijala ya serikali wana mitego miwili. Mkwaju ulio ndani ya nambari za kumbukumbu haukubaliki katika jina la faili kwenye Windows, pamoja na nukta mbili, nyota na alama ya kuuliza, tumia kistari. Na juzuu za nambari za Kirumi hazijipangi: Vol. IX inakaa kabla ya Vol. V. Vol. 09 haina shida hiyo.

Folda ndani ya folda ndani ya folda, mimi siipendi. Ngazi tatu zinatosha ofisi nyingi. Kwa kawaida Windows huhesabu njia nzima, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, na programu nyingi hukwama inapofika herufi 260. Kawaida unaligundua siku ya kuhifadhi nakala, kunakili kunapogoma njiani.

Na usinijibu kwamba utatafuta tu. Barua iliyoskaniwa ni picha, na skana imeiita Scan0001. Hakuna neno la kutafutwa humo.

Kubadilisha majina hakuchukui muda mrefu kama watu wanavyoogopa. Bonyeza F2 kwenye faili la kwanza, andika, bonyeza Tab, umeshafika la pili bila kugusa kipanya. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha. Kwa mamia ya mafaili, kifaa cha PowerRename kilicho ndani ya PowerToys ya Microsoft ni cha bure, na hukuonyesha majina mapya kabla hujakubali. Tengeneza nakala ya folda nzima kwanza, na uangalie vitabu vya Excel vinavyochota takwimu kutoka kitabu kingine: ukibadilisha jina la kile kinachochotwa wakati kile kingine kimefungwa, kiungo kinakatika. Kwenye kichupo cha Data kuna mahali pa kuelekeza kiungo kwenye jina jipya. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla mhasibu hajafungua.