Gari dogo la sasa halihitaji kungurumishwa dakika kumi

Imani kwamba injini lazima ingurume dakika kumi kabla ya safari ilitokana na magari ya zamani ya kabureta, kifaa kilichochanganya petroli na hewa, na kwa magari hayo ilikuwa na maana. Petroli ikiwa baridi haikugeuka mvuke vizuri, hivyo dereva alivuta choki, kitufe cha kupunguza hewa ili petroli izidi, na kusubiri, la sivyo gari lingezimika njiani. Magari madogo ya sasa yana nozeli zinazopuliza mafuta kwa kipimo, na kompyuta hurekebisha kipimo hicho kwa kusoma sensa ya joto.

Kusubiri sana kuna madhara. Injini baridi huongezewa petroli. Sehemu yake hubaki kwenye kuta za silinda, huosha utando wa oili, kisha hupenya ringi za pistoni, huchanganyika na oili iliyo chini na kuipunguza uzito. Plagi nazo hushika masizi. Tena injini ndogo isiyo na mzigo huchelewa kupata joto, kwa hiyo hali hiyo hurefuka.

Washa, hakikisha taa ya oili imezimika, subiri kama sekunde 30, kisha ondoka taratibu. Usivuke mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika mpaka mshale wa joto utulie, au taa ya bluu izimike kwa magari yasiyo na mshale. Tairi na oili ya gia hupata joto vizuri gari likitembea.