Mnyama Akiugua, Mtafiti Hutafuta Nini? Maswali na Majibu Kuhusu Magonjwa ya Mifugo na Afya Yetu

Watu wenyewe bado wanakufa kwa maradhi. Kwa nini fedha na akili nyingi hivyo zitumike kuchunguza ng'ombe, mbuzi na kuku?

Kwa sababu sehemu kubwa ya maradhi hayo ya watu yalianzia kwa wanyama. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban asilimia 60 ya magonjwa ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yana asili ya wanyama, na kwa yale mapya yanayoibuka kiwango hicho hufika karibu robo tatu.

Fikiria kisa cha kisiwa cha Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwatambua bakteria waliokuwa wakiwaangusha askari kwa homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, lakini wagonjwa hawakupungua, maana hakuna aliyejua bakteria hao walitoka wapi. Jibu lilipatikana mwaka 1905, daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mitaani. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa, kumbe walikuwa wamebeba ugonjwa. Mwaka uliofuata maziwa ya mbuzi yaliondolewa kwenye chakula cha askari, na idadi ya wagonjwa ikaporomoka. Hakuna dawa mpya iliyokuwa imepatikana.

Ugonjwa huo ni brusela, na bado upo. Humwingia mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, au kupitia mikono mitupu inayomsaidia mnyama kuzaa au kuondoa kondo la nyuma na mimba iliyotoka. Chemsha maziwa, vaa glavu. Na mtu mwenye homa isiyokwisha pamoja na maumivu ya viungo amwambie daktari kwamba anashughulika na mifugo, kwa sababu dalili hizo hufanana na za maradhi mengine mengi na daktari asiyeambiwa anaweza asifikirie brusela kabisa.

Mtafiti anaanzia wapi hasa? Kwenye hadubini?

Anaanzia kwa mtu anayeishi na wanyama. Nani aliugua kwanza, wakubwa au ndama? Walikunywa wapi? Kuna mnyama mgeni aliyeingizwa kundini hivi karibuni? Kuna kupe wengi kuliko kawaida, au mbu baada ya mvua kubwa? Majibu ya maswali hayo huamua sampuli ipi ichukuliwe, na sampuli isiyo sahihi hupoteza kazi yote inayofuata. Mnyama mwenye malengelenge mdomoni, ngozi ya lengelenge lenyewe hueleza mengi. Aliye kwenye siku za mwanzo za homa, hutolewa damu. Sampuli iliyokaa juani mchana kutwa mara nyingi haina jibu tena, hivyo boksi lenye barafu ni sehemu ya utafiti kama mashine za maabara zilivyo.

Maabarani kuna aina mbili za maswali, na watu huzichanganya mara nyingi. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kimelea chenyewe, yaani kinauliza: je, yumo mwilini sasa? Kipimo cha kingamwili, yaani chembe za ulinzi ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kimelea, huuliza kama mwili uliwahi kukutana naye, hata kama ni miezi mingi iliyopita. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuwa na kingamwili bila kuugua hata siku moja, na ndiyo maana kumbukumbu za chanjo zinahitajika sana wakati wa kusoma matokeo. Zaidi ya hapo, watafiti husoma mpangilio wa vinasaba vya kimelea na kuulinganisha na wa milipuko mingine. Hivyo hujua kama virusi vimetoka kundi la jirani au vimevuka mipaka ya nchi.

Kuna ugonjwa wowote wa mifugo uliowahi kumalizwa kabisa duniani?

Upo mmoja: sotoka, ugonjwa wa virusi ulioua ng'ombe kwa wingi. Katika historia yote, magonjwa mawili tu ya kuambukiza yametokomezwa duniani, ndui kwa binadamu na sotoka kwa wanyama. Inasikitisha kwamba ule wa pili hauzungumzwi sana, kwa sababu watu waliokufa njaa kwa ajili ya sotoka hawahesabiki. Ilipoingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ilishuka hadi kusini mwa bara ndani ya muongo mmoja, ikiua ng'ombe karibu wote katika maeneo mengi, na nyati pia. Ethiopia ilipata njaa ya kutisha. Huko Ulaya, hofu ya sotoka ilichangia kuanzishwa kwa chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo, Lyon, miaka ya 1760. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo lilizaliwa mwaka 1924, baada ya ugonjwa huo kuibuka Ubelgiji.

Chanjo iliyobadilisha mambo ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Walivipitisha virusi mara nyingi katika seli zilizooteshwa maabarani, hadi vikapoteza uwezo wa kuua vikabaki na uwezo wa kufundisha kinga. Dozi moja ilitosha kumlinda ng'ombe maisha yake yote.

Lakini chanjo nzuri haikutosha. Kampeni kubwa ya Afrika iliyoanza mwaka 1962 iliifukuza sotoka karibu kila mahali, kisha uchanjaji na ufuatiliaji vikalegea. Maeneo machache yaliyobaki na ugonjwa yakalisambaza tena janga lote miaka ya 1980. Maeneo hayo yalikuwa ya wafugaji wanaohamahama, mbali na barabara na umeme, ambako chanjo iliharibika kwa joto kabla ya kumfikia ng'ombe.

Vitu viwili viliondoa kikwazo hicho. Mtafiti Jeffrey Mariner alitengeneza namna ya chanjo ileile inayoweza kukaa takriban mwezi mzima bila jokofu. Kisha wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Watafiti walianza pia kuwauliza wafugaji kwa utaratibu mahali sotoka ilipoonekana mara ya mwisho, nao walikuwa wakiijua kwa majina yake na kwa dalili zake vizuri kuliko ramani yoyote ya ofisini. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alikuwa nyati, Kenya, mwaka 2001. Tangazo rasmi la kutokomezwa lilitolewa mwaka 2011.

Kama sotoka imewezekana, kwa nini ugonjwa wa miguu na midomo bado upo?

Si kwa kukosa kuujua. Mwaka 1898 wanasayansi wa Ujerumani, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walionyesha kwamba kisababishi chake hupenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Ndivyo virusi vya kwanza vya wanyama vilivyotambuliwa. Tatizo ni tabia yake. Virusi vya sotoka vilikuwa vya aina moja kwa upande wa chanjo, na mnyama aliyepona hakubaki akiambukiza. Virusi vya miguu na midomo vina aina saba, na kinga dhidi ya moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine. Kinga ya chanjo hudumu kwa miezi tu. Nyati nao wanaweza kukaa na virusi hivyo kwa miaka bila kuonekana wagonjwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya watafiti hapa ni kujua kila mwaka ni aina ipi inayozunguka wapi, ili chanjo inayonunuliwa ilingane na virusi vilivyopo.

Shabaha iliyo karibu zaidi ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Virusi vyake ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe, chanjo yake hulinda kwa miaka, na lengo la kimataifa ni kuitokomeza ifikapo 2030.

Ng'ombe amekufa ghafla na damu inamtoka puani. Je, nimpasue nione kilichomuua?

Hapana. Usimpasue, usimchune, usile nyama yake, na usiwape mbwa. Hiyo inaweza kuwa kimeta.

Sababu yake ni ya kibaiolojia na inafaa kueleweka. Bakteria wa kimeta waliomo ndani ya mzoga uliofungika hufa wengi kadiri mzoga unavyooza. Wakipata hewa, hujifunga ndani ya ganda gumu na kuwa spora, na spora hizo hukaa udongoni kwa miongo mingi zikisubiri mnyama mwingine aje malishoni. Kisu kimoja kinaweza kuligeuza eneo la malisho kuwa hatari kwa kizazi kijacho. Kwa watu, kushika nyama na ngozi huleta kidonda chenye kovu jeusi, na kula nyama hiyo kunaweza kuua. Zuia watu na wanyama kusogea, piga simu kwa daktari wa mifugo. Yeye anaweza kuchukua sampuli bila kuufungua mzoga. Kama umeshaugusa, oga kwa sabuni na uende kituo cha afya leo hii, maana kimeta hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Mafua ya ndege yanahusianaje na ng'ombe?

Kwa miaka mingi jibu lingekuwa: hayahusiani. Virusi vya mafua hayo, H5N1, vilijulikana kama balaa la kuku na bata, na vilivuka kwa watu Hong Kong mwaka 1997, ambako waliugua 18 na kufa 6. Machi 2024 vikathibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo lililowashtua watafiti wengi. Ilionekana kwamba virusi huzaana kwa wingi ndani ya kiwele, na paka wengi waliokunywa maziwa mabichi kwenye mashamba hayo walikufa. Baadhi ya wakamuaji walipata macho mekundu. Joto linalotumika kusindika maziwa huviua virusi hivyo, kwa hiyo tahadhari ya maziwa mabichi imepata sababu nyingine.

Mnyama akiugua tu, si nimchome antibiotiki?

Antibiotiki haziui virusi hata kidogo. Zikitumika ovyo, bakteria walio mwilini mwa mnyama huzizoea, na bakteria sugu hao huweza kumfikia mtu kwa nyama, maji au mikono. Na zingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza maziwa au kuchinja. Hazikuwekwa kwa ajili ya urasimu.

Maabara zenyewe haziwezi kuvujisha ugonjwa?

Zinaweza, na imetokea. Majaribio ya Loeffler yalisambaza miguu na midomo kwa mifugo ya jirani hadi utafiti ukahamishiwa kisiwa cha Riems, Ujerumani, mwaka 1910. Mwaka 2007 virusi vya ugonjwa huohuo vilitoka kwenye eneo la maabara za Pirbright, Uingereza, uchunguzi ukielekeza kwenye mabomba chakavu ya maji machafu. Ndiyo maana maabara za aina hii hujengwa kwa hewa inayochujwa na maji yanayotibiwa kabla ya kutoka, na ndiyo maana mwaka 2019 Pirbright ilisoma vinasaba vya akiba yake ya virusi vya sotoka kisha ikaiteketeza. Taarifa zake zimebaki kwenye kompyuta, ambako haziwezi kumwambukiza ng'ombe yeyote.

Watafiti wamekuja kuomba damu ya mifugo yangu. Niwaulize nini?

Waulize wanatafuta ugonjwa gani, matokeo yatakufikia lini na kwa njia ipi, na nani mwingine ataambiwa. Ni haki yako. Wafugaji wengi wametoa sampuli wasisikie tena neno lolote, na hilo ni kosa la watafiti, kwa sababu mtu asiyerudishiwa majibu hataita mara ya pili.

Uliza pia: ikithibitika, wanyama watachinjwa? Na kama ndiyo, nani atalipa? Mlipuko wa miguu na midomo wa Uingereza mwaka 2001 uliishia kwa kuchinjwa zaidi ya wanyama milioni 6, na waliochinjiwa walilipwa fidia. Mfugaji asiyeahidiwa fidia ana kila sababu ya kuficha mnyama mgonjwa au kumuuza haraka usiku, na kimelea husafiri naye. Mpango wa utafiti usio na jibu la swali hilo urudi ukajipange kabla sindano haijaingia.