Kupamba nguo nyeusi kwa Jik: kazi kubwa ni kuizima

Jik, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, haitii rangi, inaivunja iliyopo. Ndiyo maana nguo nyeusi hutoka na rangi ya kutu au hudhurungi badala ya weupe, kulingana na rangi iliyotumika kiwandani. Fulana mbili nyeusi za fungu moja la mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, zaweza kutoa matokeo mawili tofauti, kwa hiyo tia tone kwenye upindo wa ndani kwanza.

Kitambaa kiwe pamba, kitani au reyoni. Mabuibui mengi ni poliesta, nayo kwa kawaida haibadiliki hata ukiimwagia chupa nzima. Hariri na sufu huliwa. Ikiwa lebo imekatwa, chomoa uzi uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Fanyia uani, upepo ukitoka mgongoni, na uvae glavu. Changanya kikombe kimoja cha Jik na viwili vya maji baridi katika beseni la plastiki, kwani karai la bati litaliwa. Chupa iliyokaa miezi kwenye joto letu la pwani huwa imepungua nguvu, hivyo tone likikosa kufanya kitu, ijaribu kwenye pamba nyingine kabla ya kulaumu nguo. Mchanganyiko wa leo usiuweke kesho.

Nguo mbichi iliyofungwa kwa mipira hutoa kingo zilizofifia. Ukitaka umbo lenye kingo kali, tuseme korosho kama la leso, likate kwenye plastiki ngumu, ulilaze juu ya nguo kavu na upake kidogo kidogo kwa sponji. Tia plastiki ndani ya fulana, la sivyo mgongo nao utapambika.

Rangi huanza kugeuka ndani ya dakika chache, usizidishe 10. Nguo iliyolowa huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa ikikauka, basi simamisha mapema kidogo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Maji peke yake hayaimalizi Jik iliyojificha ndani ya nyuzi. Huendelea kuzila, na baada ya kufuliwa mara chache nguo hutoboka. Suuza kwa maji mengi, kisha loweka dakika 10 katika hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa: kikombe kimoja cha asilimia 3 kwa vikombe 10 vya maji, au nusu kikombe ikiwa ni asilimia 6. Mapovu madogo ni ya kawaida.

Siki na ndimu, ambazo watu hushauriana kuzitumia, ni hatari: asidi ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Dawa za choo zenye asidi ni vivyo hivyo, na amonia nayo hutoa gesi yake ya sumu. Harufu ikikukaba koo, acha kila kitu uende mbali penye hewa safi.

Fua kwa sabuni. Ikiwa bado inanuka Jik, irudishe kwenye peroksaidi kabla ya kuianika.