Mwenye katheta ya kifuani akitetemeka, tusiseme ni baridi

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine mara nyingi huanza na katheta, yaani mpira laini unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni hadi ncha yake ifike karibu na moyo, huku matawi yake mawili, jekundu na la bluu, yakibaki nje kifuani. Kijidudu kikipenya kwenye mpira huo huingia moja kwa moja kwenye damu.

Jambo linalotuumiza zaidi huku Nyanda za Juu Kusini ni kutetemeka kunakopewa jina lingine. Mwezi Juni na Julai, mgonjwa wa Uyole au Makete akitetemeka huambiwa ni baridi, akaongezewa blanketi. Wa Kyela huambiwa ni malaria, akameza dawa mseto kabla ya kupimwa. Kwa mwenye katheta, homa au kutetemeka, hasa kunakoanza akiwa kwenye mashine au saa chache baadaye, kuchukuliwe kuwa ni maambukizi ya damu mpaka vipimo vikanushe. Aje hospitali siku hiyo hiyo, hata kama zamu yake ya kusafishwa damu ni keshokutwa, ili damu ya kipimo cha kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya kuanza antibayotiki. Malaria nayo ipimwe.

Kila katheta inapofunguliwa, muuguzi na mgonjwa wote wavae barakoa, na midomo ya mpira isuguliwe kwa dawa ya kuua vijidudu kwa sekunde 15 au zaidi, kisha iachwe ikauke. Mgonjwa akiuliza, "Sista, umenawa mikono?" hajamkosea mtu adabu.

Nyumbani, bandeji isilowe. Oga kuanzia kiunoni kwenda chini, juu ujifute kwa kitambaa, na mvua ya Tukuyu ikikulowesha, njoo ibadilishwe bila kungoja zamu. Sweta la kuvulia kichwani huvuta mpira; vaa la vifungo. Zahanati isitumie katheta hiyo kukuwekea dripu, kwani ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande.

Mpira ukichomoka, lala chini, mtu akandamize kwa nguvu kitambaa safi pale ulipotokea na pia shingoni ulipoingilia, asikiachie kuchungulia kama damu imekata, na usafiri utafutwe huku akiendelea kukandamiza.