Je, wajua kwa nini anayelala ndani ya gari kwenye theluji huacha dirisha wazi?

Usiku wa kwanza niliolala ndani ya Hiace pale Kanaba, kusini-magharibi mwa Uganda, barabara ya Kabale inapofika juu kabisa kabla ya kuteremkia Kisoro, niliamshwa na tone la maji kwenye paji la uso. Nikadhani mvua inanyesha na paa limetoboka. Nikatoka na tochi. Mvua hakuna, nyota tele. Nikarudi ndani nikapapasa dari: bati lote lilikuwa limelowa, na kila ubavu wa chuma ulikuwa na matone yaliyojipanga kama shanga, moja likidondoka jingine linavimba. Mwenzangu alikuwa amejifunika gubigubi, blanketi lake limelowa upande ule uliogusa ukuta. Tulikuwa tumefunga kila dirisha kwa ajili ya baridi, tena kwa fahari. Asubuhi nilifuta dari kwa kitambaa, nikakikamua kwenye kikombe cha chai. Kikombe kilifika nusu.

Nilipofika kwa fundi nikamwambia, "Mzee, paa linavuja." Akamwaga jerikani nzima ya maji juu ya paa, akaingia ndani, akatazama. Hakuna kilichopenya. "Kijana wangu, gari halivuji," akaniambia. "Hayo ni maji yenu wenyewe."

Maneno hayo ndiyo siri ya wale wanaoishi ndani ya magari majira ya baridi huko Ulaya. Milimani Alps, watu wanaofuata mchezo wa kuteleza kwenye theluji huegesha vani zao chini ya miteremko na kulala humo, nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Magari hayo wameyatengeneza wenyewe: kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni, makabati ya mbao. Jambo hilo lina umri, maana Volkswagen ilitoa vani yake maarufu mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikaanza kuitengenezea vifaa vya kulalia na kupikia. Usiku ukiingia, waliozoea huacha tundu la paa au dirisha wazi kidogo, hadi asubuhi, kwenye baridi ile. Mgeni akiona hushangaa. Kwa nini usifunge?

Tuanze na pumzi. Mtu mzima akilala hupoteza maji kwa kupumua na kupitia ngozi, hata asipotokwa na jasho la kuonekana. Kwa usiku mmoja ni kadiri ya robo lita. Mkiwa wawili, mmeshamwaga nusu lita ndani ya gari bila kugusa chupa. Maji hayo yanakwenda hewani yakiwa mvuke, na hewa ina kiwango chake cha kubeba. Kwa nyuzi 20 mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 17 hivi za mvuke, basi. Kwa nyuzi 10 hubeba gramu 9. Kwa sifuri hubeba 5, na kwa nyuzi 10 chini ya sifuri imebaki 2 na kitu. Tuseme Hiace yetu ina mita 8 za ujazo ndani. Hata hewa yote humo ikiwa na joto zuri la nyuzi 20, haiwezi kubeba maji ya kujaza bilauri moja. Nusu lita itakaa wapi?

Itakaa kwenye bati. Hewa yenye mvuke ikigusa kitu cha baridi, hupoa palepale, uwezo wake wa kubeba hupungua, na ziada inageuka maji. Ndicho kinachotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji pale Kampala, inapotoa matone nje ilhali haina tundu. Paa la gari lina tabia mbaya zaidi, kwa kuwa limeitazama mbingu usiku kucha. Mbingu ikiwa wazi, bati hupoteza joto kuelekea juu hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana usiku wetu wa nyota pale Kanaba ulikuwa usiku wa matone. Kwenye theluji mambo huwa makali zaidi: matone yanaganda, unaamka dari ina barafu nyeupe, kisha jua likipiga barafu yote inayeyuka na kukudondokea kitandani.

Sasa dirisha. Ile hewa ya nje yenye baridi kali, hata ukiiona ina ukungu, imebeba maji machache sana kwa sababu haiwezi kubeba mengi. Ikiingia ndani na kupata joto la miili yenu, inakuwa kavu, ina kiu. Inakunywa mvuke wenu na kutoka nao juu. Hata Kanaba, ambako hewa ya usiku ni ya unyevu kweli, hewa ya nje ya nyuzi 10 ikipashwa hadi 18 inaweza kuondoka na gramu 6 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kinachotakiwa ni matundu mawili, moja chini ambapo hewa inaingia na moja juu ambapo inatokea. Vidole viwili vinatosha. Unapoteza joto kidogo, ndiyo, lakini blanketi kavu linakurudishia joto hilo na zaidi, maana kinachotia joto ndani ya blanketi ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake. Nyuzi zikilowa, hewa hiyo imeondoka na mahali pake pamekaa maji, nayo huiba joto la mwili upesi sana.

Kupika ndiko kunakoharibu kabisa, na hapa nataka nikae kidogo.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua sufuria kavu, tia maji ya baridi sana, iweke juu ya jiko la gesi na utazame nje yake dakika ile ya kwanza. Utaona ukungu unaipanda sufuria kutoka chini, kisha unatoweka sufuria ikipata moto. Ukungu huo haukutoka ndani ya sufuria. Umetoka kwenye moto wenyewe. Gesi ya kupikia ina hidrojeni, na hidrojeni ikiungua inashikana na oksijeni ya hewa na kuwa maji. Ukichoma kilo moja ya gesi unapata zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani. Kwa hiyo anayepika ndani ya gari lililofungwa analimwagia gari maji mara mbili, mara moja kwa mvuke wa chungu na mara ya pili kwa moto.

Waliozoea theluji hufunika sufuria kila wakati, hupika vitu vya muda mfupi, na wengi huweka jiko mkiani, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu ukawa mwavuli. Mpishi anasimama nje, mvuke unakwenda zake. Mimi nilipolisikia hili niliwakumbuka madereva wetu wa malori wanaongoja foleni mpakani Malaba. Sanduku la vyombo liko ubavuni mwa trela, jiko linawashwa chini kivulini, posho (ndiyo ugali) na maharage vinaiva hapo hapo kando ya magurudumu, na kabini inabaki ya kulala tu. Hawakufundishwa na mtu wa Alps.

Mwenye kwenda miji ya milimani kama Kabale au Kapchorwa aongeze muda wa kupika, kwa sababu maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda, nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Maharage yaliyoloweka toka jana ndiyo yenye huruma.

Kuna jambo moja ambalo dirisha wazi halilitibu, na naliandika kwa uzito wote nilionao. Usiingize sigiri, yaani jiko la mkaa, ndani ya gari. Hata mkaa ukiwa umeshika vizuri, hauna moshi, unang'aa mwekundu wa kupendeza, bado unatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa safari, analala, haamki. Katika nchi yetu watu wamekufa hivyo ndani ya nyumba kubwa zenye vyumba, sembuse Hiace. Hita za dizeli zinazofungwa kwenye magari ya theluji zimeundwa kwa kuijua hatari hiyo: moto wake unawaka ndani ya chumba cha chuma kilichozibwa, unavuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, na kinachoingia kwenu ni hewa iliyopita kando ya chuma cha moto. Hata hivyo wenye busara hutundika kengele ya kaboni monoksidi karibu na kichwa. Na hawalali injini ikinguruma, kwa sababu theluji ikirundikana na kuziba bomba la moshi, moshi hutafuta njia ya kurudi ndani.

Basi tukija kwenye ufundi wa kuta, swali ninaloulizwa sana ni sponji gani ya kubandika ili kuzuia baridi. Watu hukata godoro kuukuu, wakalibandika kwenye bati, wakafunika kwa plaiwudi. Nawaomba msifanye hivyo. Chukua sponji ya kuoshea vyombo na kandambili moja, vitie kwenye beseni. Sponji inakunywa maji, kandambili inaelea kavu. Vyote viwili vimejaa vipovu vya hewa, lakini vipovu vya sponji vimefunguliana milango na vya kandambili kila kimoja kimefungwa peke yake. Ukutani unataka tabia ya kandambili: foamu ya vipovu vilivyofungwa, iliyobandikwa kwenye bati bila nafasi nyuma yake, ili mvuke usilifikie chuma kabisa. Ukiweka godoro, mvuke utapita, utakuta bati, utageuka maji mahali usipopaona, na bati litaanza kuliwa na kutu huku plaiwudi yako inang'aa varnishi. Mbavu za chuma nazo zifunikwe, hata kwa kipande chembamba, kwa kuwa chuma kinapitisha joto maelfu ya mara kuliko hewa iliyotulia. Ubavu mmoja ulioachwa wazi utawanyeshea.

Chini ya godoro la kulalia ni hivyo hivyo. Joto na unyevu wa mwili hushuka kupitia godoro, vikakutana na ubao baridi. Inua godoro siku ya tatu uone madoa meusi ya kuvu. Dawa yake kila fundi kitanda wa Nsambya anaijua: chaga zenye nafasi, hewa ipite chini.

Viatu ni maji yanayoingia kwa miguu. Mteleza theluji anarudi jioni na buti na nguo zilizojaa theluji. Wasafiri wanaoshuka Rwenzori pale Nyakalengija wanarudi na gambuti zilizojaa tope la mabonde ya juu. Vani nzuri ina beseni mlangoni na kamba ya kuanikia karibu na tundu la hewa, na kilicholowa hakivuki kufika kitandani.

Mengine ya theluji yasitutie hofu sisi wa huku, ila yafaa kuyajua kama siku moja utaendesha hadi Lesotho, ambako kuna miteremko ya kuteleza huko Afriski, juu ya mita 3,000. Butani kwenye mtungi hukataa kugeuka gesi joto likifika karibu na sifuri, moto unafifia. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ndiyo wanayobeba. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma haziruhusiwi kuchajiwa chini ya sifuri, hivyo huwekwa ndani karibu na kitanda. Jerikani la maji nalo linalala ndani.

Nilirudi Kanaba baada ya kulitengeneza gari. Tulipika nje, mlango wa nyuma juu ya vichwa vyetu, tukala posho na maharage tuliyoyachemsha tangu Kabale. Nikasukuma dirisha la mbele vidole viwili na lile la nyuma vidole viwili, tukalala na soksi na kofia. Alfajiri nilipapasa dari kabla sijawasha tochi. Kavu. Mbavu, kavu. Kioo cha mbele tu ndicho kilikuwa na ukungu, kwa kuwa sikukifunika. Nikakifuta kwa kitambaa kile kile cha mara ya kwanza, nikakikamua juu ya kikombe, yakatoka matone ambayo hayakufunika hata sehemu ya chini. Kule mbele, kwenye alama ya kitambaa, mlima Muhabura ulikuwa umeanza kuonekana.