Ufafanuzi: Hema kulowa ndani asubuhi si lazima liwe linavuja

Umekuwa ukizunguka kwenye makundi sogozi ujumbe unaodai kwamba hema likikutwa na maji ndani asubuhi linavuja, na kwamba dawa yake ni kufunga kila dirisha usiku. Dai hilo si sahihi, na ushauri wake huzidisha tatizo.

Waliolala ndani hutoa mvuke kwa pumzi na jasho. Mvuke huo ukigusa kitambaa kilichopozwa na baridi ya usiku, kama ile ya miteremko ya Kilimanjaro, hugeuka matone, sawasawa na yale yanayoonekana nje ya chupa iliyotoka kwenye friji. Hema likifungwa kabisa, mvuke hukosa pa kutokea.

Kuhakiki ni rahisi: siku ya jua, simamisha hema tupu, limwagie maji kwa nje, kisha pitisha kitambaa kikavu kwenye mishono kwa ndani. Kikibaki kikavu, hema ni zima. Wengi huchanganyikiwa kwa sababu matone huteremka na kukusanyika kwenye pembe za sakafu, mahali pale pale ambapo maji ya mvua yangeingilia, na inasikitisha kuona hema zima likitupwa kwa kosa hilo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Hema lililolowa lianikwe kivulini hadi likauke kabisa kabla ya kukunjwa, lisije likaota kuvu.