Roboti za kuingia kwenye damu: ya kwenye simu na ya maabara

Jioni moja, karibu na soko la samaki Bagamoyo, kijana mmoja alituonyesha video kwenye simu: roboti mfano wa siafu, ina miguu na taa, inatembea ndani ya mshipa ikitafuna saratani. "Wenzetu Ulaya wanayo tayari," akasema. Nahodha mmoja mzee akamuuliza, "Betri yake wameiweka wapi?"

Swali hilo lina akili kuliko video nzima.

Dhana: ni mashine kamili, ila imefanywa ndogo.
Betri, mota na kamera havienei kwenye kitu cha mikroni chache. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 au 8 hivi. Nyingi ya "roboti" hizi ni chembe au parafujo ndogo mno, zinazoendeshwa na sumaku iliyo nje ya mwili. Mwaka 2007 Profesa Sylvain Martel, mhandisi wa Polytechnique Montréal nchini Kanada, na wenzake walitangaza kwamba wameongoza kwa mashine ya MRI, ile ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, kijishanga cha milimita 1.5 ndani ya mshipa wa shingo wa nguruwe hai. (Hapo kwenye nguruwe mzee alisonya.) Kijishanga tu, hakina jicho wala mguu.

Baadaye Martel akaona kwa nini ahangaike kuunda injini, ilhali Mungu ameshaumba. Wapo bakteria wenye punje za madini ya chuma mwilini, zilizopangika kama sindano ya dira, nao hupenda mahali penye oksijeni haba. Katikati ya uvimbe wa saratani ndiko oksijeni inakopungua. Mwaka 2016 timu yake ilieleza ilivyowabebesha vifuko vya dawa na kuwaelekeza kwa sumaku hadi ndani ya uvimbe, kwa panya.

Dhana: kitu kidogo huogelea kama samaki.
Hapa nahodha alinielewa upesi. Ukipiga kasia kisha ukaacha, ngalawa huendelea kuteleza. Kwa kitu cha mikroni, maji ni mazito kama asali: ukiacha kusukuma, kimesimama hapo hapo. Mwanafizikia Edward Purcell alieleza mwaka 1977 kwamba kiumbe mdogo hivyo akifungua na kufunga kama chaza, hurudi alikotoka. Ndiyo maana nyingi ya roboti hizi hutengenezwa kama parafujo: huzunguka, hazipigi makasia.

Dhana: chanjo yenye "nano" ina chipu.
Nano ni kipimo tu, sehemu moja ya elfu ya mikroni. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vitano vya Afrika vilivyoifanyia majaribio makubwa kabla WHO haijaipendekeza Oktoba 2023, ni vijipunje vya protini vya kipimo hicho. Vinaufundisha mwili kumtambua adui. Havina waya, havitumi ujumbe kwa yeyote.

Dhana: hospitali zinazo.
Dawa zilizofungwa kwenye vifuko vya nano, ndiyo; ya saratani iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Roboti za kuongozwa ndani ya damu bado ziko kwenye majaribio, mengi yake kwa wanyama.

Kijana akauliza kama aifute ile video. Nahodha akamwambia aiache, awatumie wajukuu wa mzee huyo, wanapenda katuni.